Chombo hakina jinsia, lakini kina jina

Na Mwandishi Wetu

VYOMBO viwili vinapokutana baharini jirani na Rongui, swali la kwanza si la samaki. Mabaharia huulizana chombo kimetoka wapi na ni cha nani. Kama tanga linafahamika kwa mbali, hata swali hilo haliulizwi. Jina la chombo hutamkwa kabla omo haijaonekana vizuri.

Rongui ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Quirimbas, pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Kiko jirani na Vamizi, kaskazini ya mji wa Mocímboa da Praia na kusini ya rasi iliyoupa mkoa jina lake. Kasa hupanda kwenye fukwe zake kutaga mayai, na wavuvi hupita wakifuata kusi na kaskazi. Ukielekea kaskazini kutoka hapo unafika mlango wa mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msimbati, Mikindani na Mtwara. Katika maji haya Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili husikika ndani ya ngalawa moja, na Kireno hungojea ofisini.

Makala haya yanahusu mila moja ya watu hao, ambayo wengi wetu huipita tukiiona pambo tu la rangi ubavuni mwa mbao: kukipa chombo jina, na pamoja na jina, kukipa nafsi. Je, chombo ni mwanamke au mwanamume? Na jina lake lina kazi gani katika bahari ambayo tangu mwaka 2017 imekuwa njia ya kukimbilia roho?

Lugha zinavyogawana meli

Waingereza walizoea kuiita meli kwa neno wanalolitumia kumtaja mwanamke. Mazoea hayo yalidumu karne nyingi hadi Machi 2002, gazeti la Lloyd's List la London, ambalo limekuwa likiandika habari za meli tangu karne ya 18, lilipoamua kwamba kuanzia hapo meli ni kitu kama vitu vingine. Mabaharia wazee wa Uingereza walinung'unika, lakini gazeti halikurudi nyuma.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi. Katika sarufi yao kila meli yenye jina ni ya kike, hata ikiwa imepewa jina la dume lenye masharubu. Ndiyo maana ile Graf von Götzen, iliyoundwa kwa ajili ya Ziwa Tanganyika na kupewa jina la gavana wa zamani wa koloni lao, kwa Kijerumani ilitajwa kwa kibainishi cha kike. Mwanamume mwenye cheo cha ukabaila akageuka bibi mara tu alipoguswa na maji.

Wareno, ambao lugha yao ndiyo inayotumika kwenye karatasi za serikali huko Cabo Delgado, wanagawa kwa aina ya chombo. Meli na boti kwa jumla ni za kiume. Lancha na mtumbwi ni vya kike. Kwa hiyo mvuvi wa Palma anaweza kuingia ofisini na chombo kimoja, kikaandikwa cha kiume au cha kike kwa kutegemea tu neno alilochagua karani.

Kiarabu nacho kina mgawanyo wake: safina ni ya kike, markabu ni ya kiume.

Kiswahili hakimo katika ugomvi huo. Sisi tuna "yeye" mmoja kwa Asha na kwa Juma, na chombo hakifiki hata kwenye "yeye". Jahazi limefika, mashua imefika, mtumbwi umefika, chombo kimefika. Lugha yetu haiulizi jinsia. Inachouliza ni ukubwa, umbo na asili. Mtumbwi umekaa pamoja na mti, mkoko na mwembe, na kweli mtumbwi ni gogo la mti lililochongwa. Mtepe nao umekaa humo humo. Dau likiwa dogo, au likipendwa sana, huitwa kidau. Hapo ndipo Kiswahili kinapoweka hisia zake.

Hata tunapotafsiri habari za wenzetu, jinsia hudondoka njiani. Safari ya kwanza ya meli mpya, ambayo kwa Kiingereza hufananishwa na usichana, kwetu ni safari ya kwanza tu. Meli mbili zilizoundwa kwa mchoro mmoja hubaki "meli dada" kwa sababu tu waandishi tumezoea kutafsiri neno kwa neno.

Mwili bila jinsia

Kukosa jinsia katika sarufi si kukosa uhai. Mafundi wa pwani hukijenga chombo kama mwili. Mkuku hulazwa kwanza, kama uti wa mgongo. Mataruma husimamishwa juu yake kama mbavu. Mbao hufunika kama ngozi, kalafati huziba palipo wazi, na deheni au sifa ya papa hupakwa kama mtu anavyojipaka mafuta. Chombo kina tumbo lake, ngamani, mahali pa shehena na maji yanayovuja. Ndiyo maana wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Mtepe, ile meli kongwe ya pwani iliyoshonwa kwa kamba bila misumari, ulikuwa na shingo ndefu mbele na macho yaliyochorwa pande mbili za omo. Masimulizi ya pwani yanaifananisha shingo hiyo na ya ngamia wa Mtume. Tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ya kazi ilitoweka katika karne ya 20, lakini mfano wake upo katika makumbusho ya Lamu, na nakala kubwa iliyojengwa kwa ajili ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, ilipewa jina la Shungwaya, ile nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya watu wengi wa pwani. Hata nakala ya maonyesho haikuachwa bila jina.

Siku ya kushua chombo kipya huwa siku ya watu wote. Husomwa dua, huchomwa ubani, na mwenye uwezo huchinja mbuzi. Wanaume hushika kamba na kukisukuma mchangani kwa nyimbo. Mambo hayo humfanyia mtoto anayezaliwa na bwana anayeoa. Basi ukitazama kwa makini, chombo huingia baharini kama mwanafamilia, na mwanafamilia lazima awe na jina.

Salama ni nani?

Ukipita kwenye diko lolote kati ya Lamu na Pemba ya Msumbiji, majina utakayoyaona yanaangukia katika mafungu machache.

Fungu la kwanza ni la dua: Tawakali, Baraka, Rahma, Salama, Subira, Neema. Fungu la pili ni la watu: mama wa mwenye chombo, bibi yake, binti yake wa kwanza. La tatu ni la mafumbo na vijembe, ndugu wa maandishi ya kanga, yanayomlenga jirani mwenye husuda bila kumtaja. La nne ni la dunia ya leo: timu za mpira, wanasiasa na wanamuziki. Upande wa Msumbiji yanaongezeka majina ya Kireno yenye maana ya safari njema au Mungu ni mkubwa.

Sasa tazama tena fungu la kwanza na la pili. Salama ni dua, lakini Salama pia ni msichana wa nyumba ya pili. Rahma ni huruma ya Mungu, na ni jina la shangazi. Subira ni fadhila, na ni jina la bibi. Kwenye pwani yetu majina mengi ya dua ndiyo majina tunayowapa watoto wa kike. Chombo kinachoitwa Neema kinaweza kuwa ombi kwa Mola, kumbukumbu ya mama, au yote mawili, na mwenye chombo halazimiki kueleza.

Hapa ndipo jinsia ya chombo ilipojificha katika Kiswahili. Haikukaa kwenye sarufi. Imekaa kwenye jina, na jina lenyewe linaacha mlango wazi. Tawakali na Baraka ni majina ya wanaume, na vyombo vyenye majina hayo havionekani kuwa na upungufu wowote baharini.

Kuna upande mwingine usiopendeza sana. Vijana wa mitaani humwita msichana mrembo "chombo", na washairi wa pwani wametumia jahazi na nahodha kuzungumzia mke na mume kwa muda mrefu. Katika mafumbo hayo nahodha siku zote ni mwanamume, na kinachoendeshwa ni mwanamke. Wanawake wa visiwani, ambao huokota chaza na kaa maji yanapokupwa na mara nyingi ndio wanaolisha nyumba upepo ukichafuka, wana haki ya kuuliza kwa nini majina yao yanapanda chombo na wao wenyewe wanabaki ufukweni. Jina la mama ubavuni mwa mashua ni heshima, lakini si hisa.

Majina ya wakubwa

Wenye nguvu nao walijua thamani ya jina. Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498 meli zake zilibeba majina ya malaika wa kiume, São Gabriel na São Rafael. Katika visiwa vya Quirimbas, Aprili mwaka huo, alimchapa rubani wa Kiislamu kwa madai kwamba amemdanganya, na Wareno wakakiita kisiwa hicho kwa jina la mtu aliyechapwa viboko. Mwaka uliofuata, wakirudi, mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa maradhi hata wakaiteketeza São Rafael wenyewe karibu na Tanga. Malaika aliishia moto kwenye pwani ya Waswahili.

Mwaka 1697 meli nyingine yenye jina la mtakatifu, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mjini Mombasa wakati Waomani wameizingira ngome hiyo. Vitu vilivyoopolewa na wanaakiolojia miaka ya 1970 vinaonekana hadi leo katika makumbusho ya ngome.

Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alipotaka kuifungulia biashara milango ya Marekani, meli aliyoituma iliitwa Sultana, yaani mtawala mwanamke. Iliingia New York tarehe 30 Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman. Na katika mji wa Sur, Oman, bandari iliyokuwa ikituma majahazi Zanzibar kila kaskazi, imehifadhiwa Fatah al-Khair, jina lenye maana ya ufunguzi wa heri. Nahodha yeyote wa pwani yetu angelielewa bila mkalimani.

Kwenye Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa kama mchezo wa kuigiza. Mwaka 1915 Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson alipeleka huko boti mbili ndogo za vita. Alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa, wakuu wake wakakataa, ndipo zikaitwa Mimi na Toutou, majina ya kubembelezea wanyama hao kwa Kifaransa. Kwa Waswahili waliosaidia kuzivuta porini, boti moja ilikuwa inajiita "mimi". Februari 1916 boti ya Kijerumani iliyoitwa Hedwig von Wissmann, jina la mwanamke, ilizamishwa. Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen wenyewe isije ikatekwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa MV Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Gavana alisahaulika, ziwa likabaki.

Baada ya uhuru majina yalibadilika tena. Treni za Afrika Mashariki zilivukishwa Ziwa Victoria na meli zilizoitwa Uhuru na Umoja. Majina hayo hayana jinsia, ni ahadi. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na Umoja ikaendelea kuelea. Msomaji atajua acheke au ahuzunike.

Bahari isiyokuwa na orodha

Meli kubwa za kimataifa zina kinga nyingine. Tangu mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina utaratibu wa kuipa kila meli namba moja isiyobadilika hata jina, bendera na mwenye mali wakibadilika. Mashua ya Rongui haina namba hiyo. Kwake jina ndilo cheti cha kuzaliwa, pasipoti na anwani.

Thamani ya anwani hiyo ilionekana mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Mwaka 2020 waasi walifika mpaka visiwani, Vamizi ikiwemo. Oktoba mwaka huo maelfu ya watu walishuka ufukweni Paquitequete, mjini Pemba, wakiwa wamesafiri kwa mashua na majahazi, wengine kwa siku kadhaa, na watoto na mafurushi. Mwishoni mwa mwezi huo mashua moja iliyojaa wakimbizi ilizama na kuua makumi ya watu. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, meli ya abiria Sea Star ilibeba zaidi ya watu 1,000 kutoka Afungi hadi Pemba. Wengine walitawanyika kwa chochote kilichoelea.

Fikiria mtu anayemtafuta mama yake katika mkanganyiko huo. Hana simu, hana orodha ya abiria. Anachoweza kuuliza ufukweni ni jambo moja tu: alipanda chombo gani? Kama chombo kina jina linalofahamika, jibu lipo, maana jina lina mwenyewe, na mwenyewe ana kijiji. Kama hakina, mtafutaji anabaki kuelezea rangi ya tanga.

Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, boti ya uvuvi iliyogeuzwa ya abiria ilipinduka ikitoka Lunga kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Zaidi ya watu 90 walikufa, wengi wao watoto. Maofisa walisema watu hao walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu, na boti haikuwa na idhini ya kubeba abiria. Dunia iliisikia ajali, lakini haikulisikia jina la chombo. Tunakumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996, MV Spice Islander ya 2011 na MV Nyerere ya 2018, kwa sababu jina linabeba kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo inayodai uwajibikaji. Msiba usio na jina husahaulika haraka.

Upande wa pili wa shilingi ni usalama. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Tangu hapo chombo kigeni kinaogopwa pande zote mbili. Mvuvi mwenye nia njema anaweza kushukiwa kwa sababu tu askari wa doria hakijui chombo chake. Hapo jina lililoandikwa wazi, na likasomeka sawa katika daftari la Mtwara na la Palma, linaweza kumwokoa asilale rumande.

Jitu lisilo na bibi

Ukiacha visiwa na kuingia bahari kuu, kuna chombo kingine. Kinaitwa Coral Sul. Kina urefu wa mita 432 na kiliundwa Korea Kusini ili kuchimba gesi ya bonde la Rovuma na kuigeuza kimiminika. Shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022 kwenye meli British Sponsor. Jina lake maana yake ni Matumbawe ya Kusini, na limetokana na kisima cha gesi, si na mtu.

Kwa watu wa visiwani matumbawe ni mahali pa samaki. Kwa kampuni ni sehemu ya ramani. Hatusemi jina hilo ni baya. Tunasema tu kwamba katika pwani ambako hata kidau cha watu wawili hubeba dua au jina la bibi, chombo kikubwa kuliko vyote kimekuja na jina ambalo halikuombwa ufukweni.

Jina kama mkataba

Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, iliifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukaipa hadhi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Ni mambo ya kujivunia. Lakini Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mvuvi wa mpakani bado anakutana na ofisi mbili, lugha mbili za karatasi na madaftari mawili yasiyosalimiana.

Jambo linaloweza kufanyika halihitaji mkutano wa marais. Ofisi za bahari za Mtwara na Cabo Delgado zinaweza kubadilishana orodha ya vyombo vidogo: jina, mwenyewe, nahodha, diko lake na idadi ya watu kinaoweza kubeba. Jina liandikwe kama linavyotamkwa ufukweni, si kama karani anavyolisikia. Na katika safu ya mmiliki, pale ambapo mwanamke ndiye aliyetoa fedha za mbao na misumari, aandikwe yeye, hata kama jina lake tayari limepakwa kwenye omo.

Kuhusu swali tulilolianza nalo, Rongui haina haja ya kuamua. Chombo si mwanamke wala mwanamume. Ni cha watu, na mtu wa watu hujulikana kwa jina lake. Kikitoka asubuhi wanaobaki huombea kirudi, na jioni tanga likionekana kwa mbali, mtoto anayelitambua kwanza hupiga kelele akilitaja jina. Ufukweni watu huinuka. Wanajua ni nani amerudi.